Nitaupataje mkutano wa walioacha pombe hapa Mombasa, na nikiupata nitaingiaje?

NahodhaAsiyeLala aliuliza:

Asalaam aleikum, na kwa wasio Waislamu, habari za usiku.

Nina umri wa miaka 43, nina mke na watoto watatu, na kwa miaka mingi nimekuwa karani katika kampuni ya kupitisha mizigo bandarini Kilindini. Mimi ni mnywaji. Sentensi hiyo fupi nimeiandika na kuifuta mara mbili kabla ya kuiacha hapo ilipo. Nilianza kwa bia za Ijumaa jioni pamoja na mawakala wa kutoka bara, tukisubiri hati za meli zikamilike, na leo, baada ya miaka kumi na mmoja, ndani ya gari langu mna chupa ya maji ya nusu lita ambayo haina maji. Huwa naendesha hadi Mtwapa kwa sababu huko sina mjomba wala shangazi, na njiani nikirudi natafuna iliki mpaka ulimi unakufa ganzi.

Kilichokuwa kikinidanganya ni Ramadhani. Kila mwaka niliacha siku zote za mfungo, nikaanza tena siku ya pili ya Idi, na nikajiambia kwamba mtu anayeweza kukaa mwezi mzima bila tone hawezi kuitwa mraibu. Mwaka huu nilivunja usiku wa kumi na tatu, baada ya tarawehe, nikiwa bado nimevaa kanzu. Tangu hapo hali imebadilika: asubuhi mikono inatetemeka mpaka nitoe loki, kama vijana wanavyosema, yaani ninywe kidogo ili nitulie, na wiki iliyopita nilishindwa kutia saini mbele ya mteja.

Nimesikia kuna mikutano ya watu walioacha pombe, ile inayoitwa AA, yaani Alcoholics Anonymous. Nilitafuta kwenye intaneti nikapata namba ya simu isiyopatikana, pamoja na anwani ambayo, nilipopita kwa gari kuiangalia, niliona ni ua wa kanisa. Hapo nikakwama. Je, mkutano huo ni wa Kikristo? Ni lazima mtu ajiandikishe, alipe, aseme? Na lililo zito kuliko yote: sisi tumelelewa tukiambiwa kwamba aibu ambayo Mwenyezi Mungu ameisitiri, mja asiifunue mwenyewe. Mombasa ni mji wa kujuana. Nikikaa mbele ya watu nikasema mimi ni mlevi, si nitakuwa nimejivua nguo niliyovishwa?

MzeeWaLimuru alijibu:

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nina umri wa miaka 61, naishi Limuru, na pombe yangu ya mwisho niliinywa miaka kumi na miwili iliyopita. Suala la sitara nitawaachia wenye elimu ya dini yenu, ila haya mengine ninayajua kwa kuyaketia, maana nimekalia viti vingi vya plastiki katika kumbi nyingi.

Tuanze na mlango, kwa kuwa bila mlango mengine yote ni maneno. Orodha za mikutano zilizoko mtandaoni huzeeka upesi. Kikundi cha AA hakina mwajiriwa wa kusahihisha tangazo. Ukumbi ukipandishwa kodi, au mwenye kushika funguo akihamishwa kikazi, kikundi huhama kimyakimya na tangazo la zamani hubaki likiwapoteza watu kama wewe. Kwa hiyo usiende kwa kuitegemea anwani. Tafuta kwanza sauti ya mtu. Piga 1192, namba ya bila malipo ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ueleze kwamba uko Mombasa na unatafuta kikundi cha AA au mshauri wa uraibu. Vilevile wapigie washauri wa vituo vya tiba ya uraibu vilivyo karibu nawe, hata kama huna nia ya kulazwa, kwa sababu vingi hufundisha Hatua Kumi na Mbili, ule mwongozo wa AA wa kuacha pombe, na hujua ni mikutano ipi iliyo hai wiki hii. Ukimpata mtu mmoja anayehudhuria, umeipata orodha nzima, kwani wao kwa wao wanapeana habari kwa simu.

Njia nyingine ni mikutano ya mtandaoni. Mwaka 2020, korona ilipofunga kumbi, vikundi vingi vilihamia Zoom na baadhi havikurudi tena. Ipo orodha ya dunia nzima iitwayo Online Intergroup of AA, yenye mikutano karibu kila saa ya mchana na usiku, na huko unaweza kuingia bila kuwasha kamera na bila kuandika jina lako kamili. Kwa mtu mwenye hofu kama yako, huo ni mwanzo mzuri, ingawa mimi binafsi sioni kama skrini inaweza kushika nafasi ya mtu anayekumiminia chai.

Angalia saa pia. Mimi niliandikiwa kwenye kikaratasi "1:00", nikafika saa moja jioni nimejipamba kama bwana harusi, nikamkuta askari wa lango peke yake. Mkutano ulikuwa wa saa saba mchana, wa watu wa ofisini wanaotumia mapumziko ya chakula. Nilirudi nyumbani kupitia baa, nikawa nimepata kisingizio.

Sasa ndani. Nitakueleza mkutano mmoja wa kawaida ili usije ukashtuka. Utakuta watu kati ya watano na ishirini wamekaa duara, na meza yenye chupa ya chai na vikombe visivyofanana. Anayeongoza si mkubwa wa wenzake. Ni zamu yake tu. Husomwa maelezo mafupi kuhusu AA, kisha Hatua Kumi na Mbili, kisha mtu mmoja husimulia alivyokuwa, kilichotokea na alivyo sasa. Baada yake wengine huzungumza kwa zamu, dakika tatu au tano kila mmoja. Hakuna kujibizana. Mtu akisema aliuza mabati ya mama yake ili apate chang'aa, hakuna atakayeguna wala kumhubiria. Atashukuriwa, na zamu itasonga. Ikikufikia wewe, unaweza kusema, "Leo nasikiliza," na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Mimi nilisikiliza majuma sita.

Huandikishwi popote. Sharti la uanachama ni moja, nalo ni kutamani kuacha kunywa. Hata kuacha kwenyewe si sharti. Hakuna ada. Kikapu huzungushwa kwa ajili ya kodi ya ukumbi na majani ya chai, na mgeni wa siku ya kwanza mara nyingi huambiwa akipitishe tu. AA haipokei misaada kutoka nje, na ndiyo maana hukodi vyumba vya bei nafuu, ambavyo katika nchi yetu mara nyingi ni vya makanisa. Kanisa hapo ni mwenye nyumba. Uliza pia kama mkutano ni wa wazi, ambao yeyote anaweza kuhudhuria, hata mkeo au mwanafunzi wa udaktari, au ni wa faragha, ambao ni wa wenye tatizo peke yao. Kwa hofu uliyo nayo, anza na wa faragha.

Niongeze jambo moja ambalo si la lazima, lakini mimi hulikumbuka kila ninapomsikia mtu akilalamika kwamba namba ya simu haipatikani. Mwezi Mei 1935, mfanyabiashara wa hisa wa New York aitwaye Bill Wilson, aliyekuwa amekaa miezi kadhaa tu bila pombe, alijikuta katika ukumbi wa mapokezi wa hoteli huko Akron, Ohio, biashara imeharibika, na baa iko wazi upande wa pili. Alikwenda kwenye simu akaanza kuwapigia wachungaji waliokuwa katika orodha ya makanisa, akiuliza kama kuna mlevi yeyote ambaye angeweza kuzungumza naye. Baada ya simu kadhaa alikutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye alikubali kumpa dakika kumi na tano. Walizungumza kwa saa nyingi. AA huhesabu kuzaliwa kwake tangu tarehe 10 Juni mwaka huo, siku daktari huyo alipokunywa kwa mara ya mwisho. Kwa hiyo endelea kupiga simu, ndugu yangu. Unarudia walichofanya wao.

MuuguziWaZamu alijibu:

Ndugu Nahodha, kabla ya mkutano wowote tafadhali zingatia sentensi yako kuhusu mikono kutetemeka asubuhi. Hiyo ni dalili kwamba mwili umezoea pombe kiasi cha kuasi ikikosekana, na katika hali hiyo kuacha ghafla, peke yako, nyumbani, kunaweza kuua. Nasema hivi kwa kuwa nimewapokea wagonjwa walioapa Jumapili na kuletwa Jumanne.

Ubongo wa mnywaji wa kila siku hujizoeza kufanya kazi chini ya kitu kinachouzima, kwa hiyo nao hujiwasha zaidi ili ulingane nacho. Pombe ikiondolewa kwa mara moja, ule uwashaji hubaki bila breki. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na mapigo ya moyo ya kasi huanza saa chache tu baada ya glasi ya mwisho. Degedege inaweza kutokea ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne, baadhi ya watu huingia katika hali ya kuchanganyikiwa, homa na kuona vitu visivyokuwepo. Mmoja wa wagonjwa wetu alikuwa akiokota siafu juu ya shuka safi kabisa. Hali hiyo ni ya dharura, na jamaa zake wasimpeleke kwa mganga wa kuagua, kama walivyofanya jamaa wa yule.

Dawa zipo, na si ghali. Hospitalini hupewa dawa za jamii ya diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi wameishiwa nayo na ambayo upungufu wake huharibu kumbukumbu na mwendo. Usiende duka la dawa kujinunulia diazepamu, kwa sababu ikichanganyika na pombe huweza kuzima pumzi. Mweleze daktari kiasi halisi unachokunywa. Najua wagonjwa hukata nusu. Sisi nasi hujumlisha nusu, na hapo ndipo makosa ya kipimo huanzia.

Mikutano nayo ina kazi yake, tena si ya kudharauliwa. Uchambuzi wa mwaka 2020 wa Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, uliokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, uliona kwamba tiba inayomwingiza mtu katika AA kwa utaratibu haikuzidiwa na tiba nyingine za kisaikolojia, na katika kuwafanya watu wakae bila pombe kabisa ilizishinda mara nyingi. Lakini mkutano haushushi degedege. Hospitali kwanza, duara baadaye.

Kijana_Kisauni alijibu:

Kwa heshima zote, mimi niliacha mwenyewe bila daktari wala kikao, kwa azma na dua tu, na sasa ni mwaka wa tatu. Nilihudhuria mikutano miwili nikaona watu wanasimulia huzuni zao zile zile kila juma. Mwanamume akiamua, ameamua.

MuuguziWaZamu alijibu:

Nakupongeza kwa dhati, na sina shaka na dua yako. Lakini ulikuwa ukitetemeka asubuhi? Kama hukuwa, basi wewe na yeye hamkuwa na ugonjwa wa kiwango kimoja, na ushauri wako, ingawa ni wa nia njema, unaweza kumfikisha wodini. Ni kweli pia kwamba mikutano haimfai kila mtu, na asiyependelea anaweza kumwona mshauri mmoja mmoja. La muhimu ni asibaki peke yake.

MtuWaNgambo alijibu:

Asalaam aleikum warahmatullah. Mimi ni mtu wa Ng'ambo, Unguja, na nilianza na pombe nikamalizia na unga. Nilitoka katika hayo kupitia nyumba ya upataji nafuu, ambazo kwetu ziko kadhaa, na nataka kujibu swali la sitara kwa sababu lilinizuia kwa miaka miwili, na katika miaka miwili hiyo nilimzika rafiki.

Katika nyumba niliyokaa tulikuwa karibu sote Waislamu. Tuliamshwa kwa sala ya alfajiri, tukafunga Ramadhani pamoja, na baada ya chai ya asubuhi tukakaa duara kusoma Hatua Kumi na Mbili zile zile za AA, ambazo sisi tulizipata kwa njia ya NA, ndugu yake AA kwa watu wa dawa za kulevya. Hatua hizo zinamtaja Mungu "kama tulivyomfahamu," na sisi tulimfahamu kama tulivyofundishwa chuoni. Sikuambiwa hata siku moja nimfahamu vingine. Nikubali ukweli pia: katika baadhi ya mikutano ya kwenu bara, wenzetu hufunga kwa Baba Yetu. Mimi niliposafiri Nairobi nilisimama kimya mpaka wakamaliza, nikasema dua yangu moyoni, na hakuna aliyeniangalia.

Ama sitara. Hadithi inayowalaumu wenye kufichua madhambi yao, kwa nilivyoisoma na kufafanuliwa, inamhusu mtu aliyefanya ovu usiku, Mola wake akamsitiri, kisha asubuhi akalisimulia kwa watu kwamba jana nilifanya hivi na hivi, kama habari ya kujifurahisha. Yule anayemwonesha tabibu jeraha hajajifichua. Anatafuta dawa, nasi tumeamrishwa kujitibu. Mimi si sheikh, na ni vyema umuulize mwanachuoni unayemwamini, lakini nilipomuuliza wangu, alinijibu kwa swali: "Hiyo chupa unayoizimulia asubuhi, unadhani nani hajaisikia harufu yake?"

Na tazama jina lenyewe la jumuiya hiyo. Herufi A ya pili inamaanisha kutojulikana. Mtu hutaja jina moja tu, na lolote lililosikika chumbani hubaki chumbani. Kabla ya kuingia, nilidhani duara ni mahali pa kuvuliwa nguo. Nilipoketi niliona ni mahali pekee ambapo watu wote walikuwa wamekubaliana kunisitiri, kwa sababu kila mmoja alikuwa na chake cha kusitiriwa. Nyumbani kwangu hakukuwa na makubaliano hayo.

Patakapokuwa pagumu kwako ni hatua ya tano, ambapo mtu hukiri makosa yake kwa Mungu, kwa nafsi yake na kwa binadamu mmoja. Mmoja, si ukumbi mzima. Lakini hilo ni la miezi ijayo. Usiliache likuzuie kunywa chai yao ya Jumanne.

MamaWaNjoro alijibu:

Nitasema machache, shemeji. Mume wangu alikuwa akitafuna karafuu, na mimi niliijua maana ya karafuu mwaka mzima kabla hajajua kwamba ninajua. Iliki yako mkeo anaijua. Mwambie kabla hujaenda hospitali, kwa sababu utakapokuwa ukitoka jasho usiku wa pili ni yeye atakayekuwa macho.

Kwa ajili yake kuna Al-Anon, jumuiya ya jamaa za wanywaji, iliyoundwa mwaka 1951. Mwanzilishi wake mmoja ni Lois, mke wa huyo Bill aliyetajwa juu. Nilikwenda nikitaka kufundishwa namna ya kumzuia mume asinywe, nikaambiwa siwezi. Nilikasirika wiki mbili. Kisha nikaacha kumwaga chupa zake kwenye sinki na kumpigia mwajiri wake simu za uongo kwamba ana malaria, na kwa mara ya kwanza alilazimika kuamka na kujieleza mwenyewe. Mikutano ya Al-Anon ni michache kuliko ya AA, hivyo na yeye aanze kwa ya mtandaoni.

NahodhaAsiyeLala alirudi baada ya siku kumi na tisa:

Asalaam aleikum. Samahani kwa kimya. Nimeyasoma majibu yenu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Nilimwambia mke wangu siku ile ile, baada ya watoto kulala. Hakulia wala hakupiga kelele. Alinyanyuka akafunga dirisha la upande wa jirani, akarudi akakaa. Asubuhi tulikwenda hospitali pamoja. Nilimweleza daktari kiasi changu kamili, na Muuguzi, kalamu yake ilisimama kidogo. Nililazwa siku tano. Usiku wa pili ulikuwa kama ulivyoelezwa hapo juu, bila siafu, ila niliisikia redio ambayo haikuwepo, ikisoma matokeo ya mpira.

Nilipotoka nilipiga 1192. Nilipewa namba za washauri wawili, wa kwanza hakupokea, wa pili alinipa namba ya mtu mmoja anayehudhuria, naye akaniambia kwa sauti ya usingizi, "Njoo Alhamisi, nitakuwa nje." Mkutano ni ule ule wa ua wa kanisa, isipokuwa unafanyika katika chumba cha nyuma ambacho mchana ni darasa la chekechea. Nilikaa ndani ya gari dakika arobaini kwa saa yangu. Nilimwona yule mtu amesimama langoni, akaangalia kila gari lililopita, wala sikuwasha taa. Alipogeuka kuingia ndipo nikashuka, nikamfuata nyuma kama mwizi.

Tulikuwa kumi na mmoja, tumekalia viti vya watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu, na ukutani kuna picha ya tembo na herufi T. Mkutano ulianza saa kumi na mbili jioni na Magharibi ikaingia katikati. Nilikuwa nimeshajiandaa kukosa sala au kukosa mkutano. Mwenye zamu ya kuongoza, ambaye kwa shingo yake ni Mkatoliki, maana alikuwa amevaa rozari, alisimamisha mazungumzo akasema, "Kuna wawili hapa wa kusali, tupumzike dakika kumi." Wawili. Nilitazama nikamwona mzee mmoja wa idara ya ushuru ambaye tumepeana karatasi mkono kwa mkono kwa miaka minane. Naye aliniona. Tulisali nyuma ya kabati la vifaa vya kuchezea, yeye mbele, mimi ubavuni kwake, hatukusema neno lolote lisilokuwa la sala. Zamu yangu ilipofika nilisema nasikiliza.

Usiku huo sikulala, nikijua Jumatatu tutakutana bandarini. Jumatatu tulikutana kweli, kwenye dirisha lake, na foleni ya mawakala nyuma yangu. Alipokea hati zangu, akapiga mihuri, akanionesha sehemu ambayo nilisahau kujaza, akasema kama anavyosema siku zote, "Karani, mbona mna haraka kuliko meli zenu?" Basi. MtuWaNgambo, nilikuwa nimesoma maneno yako kuhusu makubaliano ya kusitiriana na nikayaona mazuri, lakini pale dirishani ndipo nilipoyaelewa.

Nimehudhuria mara nne sasa. Mara ya tatu nilisema jina langu na lile neno. Nina swali moja kwa Mzee: wananishauri nimtafute sponsa, yaani mwanachama mzoefu wa kuniongoza, na mimi simjui hata mmoja kwa undani. Huchaguliwaje?

MzeeWaLimuru alijibu:

Usimchague anayezungumza vizuri. Sikiliza majuma machache, umtafute mtu ambaye amekaa bila pombe muda wa kutosha, mwanamume mwenzako, na ambaye maisha yake ya sasa ungeyakubali kuwa yako. Kisha muulize sponsa wake yeye ni nani. Asiyekuwa naye, mwache. Mwombe awe wa muda, ili mkishindwana muachane bila kinyongo. Atakupa kazi moja ya kuudhi, ambayo ni kumpigia simu kila siku hata usipokuwa na la kusema, na utaona faida yake siku utakayokuwa nalo. Yule wa dirishani mnaonana kikazi, kwa hiyo fikirieni sana kabla. Wakati mwingine ni heri sponsa awe mtu ambaye hahitaji saini yako.

Na ile chupa iliyo garini, umeitoa?

NahodhaAsiyeLala alijibu:

Niliitoa siku ya kwanza, kabla ya hospitali. Ya pili aliitoa mke wangu juzi, chini ya tairi la akiba. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kwamba ipo.